Kabla ya Kuketi Mezani: Kanuni na Maandalizi ya Mashindano ya Kadi

Wachezaji wengi ninaokutana nao katika mashindano ya Magic: The Gathering, Pokémon au Yu-Gi-Oh! hutumia wiki nzima wakijadiliana ni kadi ipi iingie na ipi itoke, ilhali waraka wa kanuni za mashindano hawajaufungua hata mara moja. Mechi inayopotea kwa sababu ya orodha ya kadi yenye kasoro au vifuko vya kukingia kadi vilivyochakaa huuma kuliko ile unayopoteza kwa kuzidiwa ujuzi, kwa kuwa jambo lenyewe lingeweza kurekebishwa usiku uliotangulia.

Anza na orodha, yaani karatasi inayotaja kadi zote utakazochezea. Katika Magic, mtindo wa kuja na kadi ulizojipangia mwenyewe hudai kadi zisizopungua 60, nakala zisizozidi nne za kadi yenye jina moja isipokuwa ardhi za msingi (kadi za kawaida zinazotoa nguvu ya kuchezea nyingine), na kadi za akiba, zile unazoweza kuingiza kati ya mchezo mmoja na mwingine wa mechi, zisizozidi 15. Pokémon hutaka kadi 60 kamili, wala si 61. Yu-Gi-Oh! huruhusu kati ya 40 na 60 katika fungu kuu, yaani rundo la kadi unalochotea, na nakala tatu tu za kila kadi, tena ina orodha ya kadi zilizokatazwa ambayo hubadilishwa mara kwa mara, hivyo kadi uliyoshinda nayo msimu uliopita yaweza kuwa marufuku leo. Mimi humpa rafiki fungu langu alitandaze mezani, nikamsomea orodha jina kwa jina naye akiziweka kando kadi anazoziona. Yeye hajui nilikusudia kuweka nini, kwa hiyo huona kilichopo tu. Tukimaliza, siligusi tena fungu hilo.

Suala la vifuko hupuuzwa mno, nami naliona ndilo lenye hatari kubwa zaidi. Laza fungu lako kifudifudi, ulitazame kwa ubavu penye mwanga wa kutosha: ikiwa kadi zako nne muhimu ndizo zenye kona zilizopinda, au ndizo zilizovishwa vifuko vipya kuliko nyingine, mwamuzi atauona mpangilio huo unaowezesha kadi kutambuliwa kabla ya kugeuzwa, na anaweza kukuadhibu hata kama hukukusudia hila yoyote. Nunua pakiti mpya, kisha uvichanganye vifuko vyenyewe kabla ya kuvitumia, maana vifuko vya pakiti moja huweza kutofautiana kidogo kwa ukubwa au rangi, na ukivivalisha kadi kwa mfuatano, tofauti hiyo yote itaangukia kundi moja.

Kuhusu muda, raundi ya Magic, yaani mechi moja ya hadi michezo mitatu, kwa kawaida hupewa dakika 50, na zikiisha huongezwa zamu tano tu. Sare huleta alama moja, ushindi alama tatu. Kwa hiyo mwenye sare nyingi huachwa nyuma upesi. Fanya mazoezi ukiwa na saa mezani, hasa ikiwa mbinu yako ni ya kujilinda na kusubiri.

Ukitokea utata, acha kucheza papo hapo, inua mkono, umwite mwamuzi. Msijaribu kuurekebisha wenyewe, hata kama mpinzani ni mtu mwungwana, kwani kadi zikishasogezwa ni vigumu kwa mwamuzi kujua hali ilivyokuwa. Kumwita si kumshtaki mtu. Aidha, wachezaji wa Magic wanaweza kukubaliana sare, lakini kuamua mshindi kwa kurusha dadu, au kuahidiana sehemu ya zawadi ili mmoja akubali kushindwa, ni kosa lenye adhabu nzito, na mzaha haukubaliwi kuwa utetezi.

Mechi ikiisha, rudisha kadi za akiba mahali pake kabla hujainuka kitini, kwa sababu mchezo wa kwanza wa kila mechi lazima uchezwe na fungu lilivyoandikwa katika orodha. Hesabu kwanza zile 15. Zikitimia, ndipo uende kutazama matokeo.