Nusu Pointi Niliyoiokoa kwa Ngome Moja

Wachezaji wengi wa sataranji wa kiwango chetu cha klabu huiona sare, inayompa kila mmoja nusu pointi, kama mchezo uliolala, nami nilikuwa mmoja wao hadi jioni moja hapa Dar es Salaam, nilipokutana na mwalimu mstaafu ambaye, baada ya kete karibu zote kuliwa, alinizidi kitunda kimoja, ile kete ndogo kuliko zote. Yeye alikuwa na mfalme d5 (herufi hutaja safu ya wima, namba mstari wa kulala), kitunda e5 na ngome a7. Mimi nilibaki na mfalme e8 na ngome b6, basi.

Mwaka uliotangulia, katika hali kama hiyo, niliirudisha ngome mstari wa nane ili imlinde mfalme, nikabanwa taratibu hadi nikashindwa. Safari hii nilifuata kinga aliyoieleza Mfaransa François-André Philidor mwaka 1777: ngome hukaa mstari wa sita, ikimzuia mfalme wa mpinzani asisonge mbele, wala haibanduki hapo mpaka kitunda chenyewe kiingie mstari huo. Nikawa naitembeza kushoto na kulia tu. Mwalimu alipochoka kungoja akasukuma kitunda e6, nami papo hapo nikaishusha ngome b1, kwa sababu sasa mfalme wake hakuwa tena na pa kujificha: akienda d6 namtishia kutoka d1, akirudi e5 namtishia kutoka e1.

“Kijana, umeniganda kama kupe,” alinong'ona.

Kwa matishio hayo ya kurudiarudia hali ya ubaoni hujirudia, na hapa ndipo wengi tunapoipoteza haki yetu ya sare. Hali ileile ikijirudia mara ya tatu, zamu ikiwa ya mchezaji yuleyule, sare haiji yenyewe, sharti uidai. Iandike hatua unayokusudia bila kuicheza, simamisha saa, kisha mwite mwamuzi. Ukigusa kete kwanza, nafasi ya kudai kwa zamu hiyo imekwisha, na dai likiwa si sahihi mpinzani huongezewa dakika mbili. Ndiyo maana nakusihi uandike kwa hati inayosomeka. Karatasi yangu ilikuwa imelowa jasho, na mwamuzi alilazimika kuurudia mchezo kwenye ubao mwingine, hatua kwa hatua, huku moyo ukinidunda.

Tulipokwisha kutia saini, mwalimu hakuinuka. Aliipanga upya hali ileile, mfalme d5, kitunda e5, akaniambia nikae upande wake nimwoneshe ushindi ulikuwa wapi. Tulihangaika nao mpaka mlinzi akaja kufunga ukumbi.