Shule 14, saizi 8, mashine 3

Juzi kijana mmoja wa Githurai ameniandikia: "Dada, nimenunua mashine ya kufuma sweta. Nichukue oda za shule zote zinazokuja, ama nichague?" Nikacheka peke yangu, kisha nikanyamaza. Mwaka 2019 mimi nilizichukua zote.

Nilikuwa na mashine tatu pale Kariobangi Light Industries, na kichwa kimenivimba kwa kupata shule 14 kwa mpigo. Kila shule na rangi yake, na mistari yake shingoni, kiunoni na kwenye mikono. Saizi ni nane, 22 hadi 36. Piga hesabu: aina 112 za sweta. Kila tukibadilisha uzi, fundi anapitisha upya, anakaza, anafuma kipande cha kujaribu, anafumua, anarudia. Dakika 40 zimeenda, sweta hakuna.

Ndipo nikaumbuka. Shule moja ilitaka mistari mitatu ya manjano juu ya damu ya mzee. Sisi, usiku wa manane, tukafuma miwili. Mwalimu mkuu aliihesabu mbele yangu kwa kidole, kisha akalisukuma gunia kwa mguu. Kwa mguu, jamani! Sweta 86. Na sweta yenye mistari ya shule ya watu haina mnunuzi mwingine. Niliziuza Gikomba kwa bei ya kutupa. Moja bado anaivaa bawabu wa jengo letu. Kila asubuhi ananisalimia nayo.

Sasa nisikilizeni, ninyi mnaopenda kumwambia mteja "hakuna shida". Shida ipo! Ford aliuza gari lake la Model T kwa rangi nyeusi tupu kuanzia 1914 hadi 1925, lakini usijidanganye, shule za Nairobi hazitakubali hilo. Benetton, kampuni ya nguo ya Italia, walifuma sweta kwa uzi usiotiwa rangi, wakazitia rangi soko liliposema linataka ipi. Uzi wangu ni akriliki, na kuutia rangi kunataka maji yanayokaribia kuchemka. Mtambo huo sina. Hila yao niliiba hata hivyo.

Siku hizi, tangu Septemba, nafuma mwili na mikono kwa rangi nne tu: buluu, kijani, kijivu, damu ya mzee. Bila mistari. Aina 32 stoo. Mistari inakaa kwenye ukanda wa shingo peke yake, unaofumwa kando na kuunganishwa mwisho, halafu beji. Cha shule kiingie mwisho. Narudia, mwisho, na baada ya dipoziti.

Novemba iliyopita mwalimu mkuu yule alirudi. Nikamwekea sampuli nne mezani. Akauliza mistari ya kiunoni iko wapi. Nikamwambia ipo, ila bei yake ni nyingine na atangoja hadi Machi. Akachagua damu ya mzee, mistari mitatu shingoni. Nilimhesabia mwenyewe, kwa kidole.