Jibu: Ile kodi (chord, sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya Ray Phiri kwenye "Graceland"

Ndugu, umeuliza kwa nini ukipiga "Graceland", wimbo wa Mmarekani Paul Simon, kwa kodi za E, A na B pekee haifanani na gitaa la Ray Phiri, mpiga gitaa wa Afrika Kusini. Kinachokosekana ni C#m (C-sharp minor), kodi yenye sauti ya unyonge. Simon mwenyewe alieleza kwamba Phiri ndiye aliyeiingiza walipokuwa wakirekodi Johannesburg mwaka 1985, kwa kuwa aliona inaendana na mtindo wa Simon wa kutunga. Alimsikiliza mtunzi hadi akamrudishia kilicho chake. Kumbukumbu za namna hii ni hazina kwetu, hasa tangu Phiri atutoke mwaka 2017.

Hesabu nyuzi kuanzia ule mwembamba. Uzi wa 4 kanyaga freti (kigawanyo cha shingo ya gitaa) ya 2, wa 3 freti ya 1, wa 2 uache wazi: hiyo ni E. Kupata C#m ongeza kidole kimoja tu, uzi wa 2 freti ya 2. Wengi huharibu hapahapa: besi ikiganda kwenye E, sikio linapata E6 (kodi ya E iliyoongezwa noti ya C#) na ule unyonge wote unapotea. Mwambie mpiga besi ahamie C# pamoja nawe. Sauti iwe safi, bila distosheni (mkwaruzo wa umeme), na kiganja kiguse nyuzi kidogo karibu na daraja, pale nyuzi zinapoegemea kwenye mwili wa gitaa.