Majibu kwa wasomaji: chemchemi za bustanini na mitaani

Tangu nilipogusia chemchemi za bustani za umma katika safu iliyopita, barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotarajia, na karibu nusu yake zinauliza jambo lile lile. Nimechagua zile ambazo majibu yake yanaweza kumfaa zaidi ya mtu mmoja. Walioniuliza bei ya pampu wanisamehe: bei hubadilika kabla wino haujakauka, na muuza pampu yuko karibu nao kuliko mimi.

Je, ni sahihi kuita "chemchemi" kitu kilichojengwa kwa saruji na kusukumwa kwa pampu? Mwalimu wetu alitufundisha kwamba chemchemi ni maji yanayobubujika ardhini. (Msomaji, Morogoro)

Mwalimu wako yuko sahihi kwa asili ya neno, na watu wako sahihi kwa matumizi yake. Ugomvi wangu uko kwingine. Neno hili moja linabebeshwa vitu viwili, yaani kile kinachorusha maji ili yatazamwe na kile kinachotoa maji ili yanywewe, na viongozi wanapoahidi chemchemi jukwaani hawasemi ni ipi kati ya hizo. Katika majibu yanayofuata nitaita ya kwanza chemchemi ya pambo na ya pili chemchemi ya kunywa, nami nakiri mapema kwamba naipendelea ya pili.

Nimefika Roma kwa masomo. Karibu kila mtaa una kiguzo cha chuma kinachomwaga maji mchana na usiku, na wenyeji wanakunywa. Nami ninywe? (Mwanafunzi, Roma)

Kunywa. Vile viguzo wenyeji huviita nasoni, maana yake pua kubwa, kwa sababu ya bomba lake lililopinda kama pua ya mzee. Vilianza kusimikwa katika miaka ya 1870, muda mfupi baada ya Roma kufanywa mji mkuu wa Italia iliyoungana, na leo viko takriban 2,500, vingi vikiwa katika mitaa ya makazi ambako watalii hawafiki. Kila kimoja kina urefu wa mita moja na kidogo na uzito unaokaribia kilo 100, na maji yake ni yale yale yanayoingia majumbani. Tazama juu ya lile bomba utaona kitundu: ukiziba mdomo wa chini kwa kidole, maji hupanda na kuruka kupitia kitundu hicho, hivyo unakunywa bila kikombe na bila kugusisha midomo kwenye chuma. Vya kwanza kabisa vilikuwa na midomo mitatu yenye vichwa vya majoka, na kimojawapo bado kipo karibu na jengo la Pantheon.

Ila usijumlishe. Ukiona maandishi "acqua non potabile", maji hayo si ya kunywa. Na chemchemi ya pambo inayozungusha maji yale yale kwa pampu usiinywe popote duniani, hata maji yake yangekuwa yanang'aa kama kioo.

Kuacha maji yamwagike usiku kucha bila koki si ubadhirifu? Huku kwetu tunanunua maji kwa dumu. (Msomaji, Dar es Salaam)

Swali hili limenifikia kwa mara ya nne, na safari hii nalijibu kwa kirefu ili lisirudi.

Maji yanayotembea hayapati muda wa kuchacha ndani ya bomba. Yakisimama katika kipande cha bomba kisichotumika, hupata joto, dawa yake hupungua nguvu, na vijidudu hupata mahali pa kuota. Mtiririko usiokoma huyaweka mapya na baridi, na katika mfumo unaoshuka kwa mteremko kutoka milimani, kama ulivyo wa Roma, husaidia pia kupunguza shinikizo. Wakati wa ukame wa mwaka 2017, kampuni ya maji ya Roma ilianza kufunga baadhi ya nasoni, na wakazi wakapiga kelele, kwa sababu viguzo hivyo vilitumia sehemu ndogo sana ya maji ya jiji ilhali mabomba chakavu yaliyofukiwa ardhini yalikuwa yakipoteza zaidi ya theluthi ya maji yote. Kiguzo kinaonekana, bomba lililopasuka chini ya lami halionekani. Ndiyo maana anayetaka kuonekana anachapa kazi huanza na kiguzo. Naomba msomaji aliyekasirishwa na nasoni za Roma aulize kwanza mamlaka ya maji ya kwao inapoteza kiasi gani kabla maji hayajafika kwenye mita.

Zürich, mji wa Uswisi, una chemchemi zaidi ya 1,200 katika bustani na mitaa yake, nyingi za kunywa. Baadhi yake hulishwa na maji ya chemchemi za asili kupitia mtandao wa mabomba uliotengwa na ule wa majumbani, nayo hushuka kwa mteremko bila kuhitaji umeme, ili siku mfumo mkuu utakapokwama wakazi wawe na mahali pa kuchota. Hilo silihesabu kuwa anasa.

Pamoja na hayo, sijasema Dar es Salaam iige mtiririko huo. Mji wenye mgao wa maji unahitaji koki ya kubonyeza inayojifunga yenyewe. Maji yanapokatika, shinikizo ndani ya bomba huanguka, na maji machafu ya ardhini hupenya kupitia nyufa. Kwa hiyo chemchemi ya kunywa katika mji wa namna hiyo haina budi kuwa na tenki lake na vali ya kuzuia maji yasirudi nyuma. Anayewauzia ninyi kiguzo cha Kiitaliano bila tenki anawauzia chuma.

Sarafu zinazotupwa kwenye chemchemi ya Trevi, kule Roma, huenda wapi? (Msomaji, Kisumu)

Hukusanywa na kupewa Caritas, shirika la hisani la Kanisa Katoliki, kwa ajili ya maskini, nazo hupita yuro milioni moja kwa mwaka. Wewe usitupe sarafu kwenye chemchemi ya mjini kwenu, kwa maana huko zitaishia kwenye pampu.

Kwenye kipilefti cha mjini kwetu ilijengwa chemchemi nzuri, ikazinduliwa kwa ngoma, ikafanya kazi miezi michache. Sasa ni shimo la takataka. Tatizo ni nini? (Msomaji, Singida)

Tatizo ni kwamba fedha za kujenga zilipangwa na fedha za kutunza hazikupangwa. Ndugu yangu, chemchemi ya pambo ni mashine inayofanya kazi nje, juani na vumbini, karibu na watoto, majani na mifuko ya plastiki, na mashine hiyo inataka mtu. Chujio lisafishwe kila siku au kila baada ya siku mbili, midomo ya mabomba izibuliwe chumvi, birika likaushwe na kusuguliwa, maji yaliyopotea kwa jua na upepo yarudishiwe kabla pampu haijaanza kunyonya hewa. Pampu ikizunguka bila maji huungua, na ikishaungua hakuna kifungu cha bajeti kinachoitwa "pampu nyingine", kwa kuwa mradi ulikwisha hesabiwa kuwa umekamilika.

Niliwahi kuitwa kutazama chemchemi ya bustani moja, ambayo sitaitaja, iliyosimama kwa miaka miwili. Tulitafuta ufunguo wa chumba cha pampu tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mkandarasi alikuwa amekwishaondoka nchini, ofisi ilidhani ufunguo uko kwa mlinzi, naye mlinzi alikuwa wa tatu tangu uzinduzi. Tulipovunja kufuli tulikuta pampu nzima kabisa. Kilichokufa kilikuwa swichi ya kuelea, kifaa kidogo kinachoipa pampu amri ya kuzima maji yanapopungua. Tangu siku hiyo, mtu akinionyesha mchoro wa chemchemi, swali langu la kwanza ni ufunguo utakaa kwa nani.

Kipilefti chenyewe nacho ni mahali pabaya. Kanuni ya mafundi ni kwamba umbali kutoka kwenye mrusho hadi ukingo wa birika usipungue kimo cha mrusho, na penye upepo uongezwe. Singida ina upepo hata watu wanafikiria kuufua umeme. Maji yakirushwa mita 4 katika birika la mita 2, nusu yake yatatua kwenye kioo cha dereva. Geneva, mji mwingine wa Uswisi, kuna mrusho maarufu unaofika mita 140, ambao mwaka 1886 ulianza kama njia ya kupunguza shinikizo la mtambo wa maji wala haukuwa pambo, nao huzimwa upepo unapokuwa mkali. Wenye fedha zote zile wanazima. Sisi tunawasha kwa sababu mgeni rasmi yuko njiani.

Tena, katikati ya kipilefti nani ataketi? Chemchemi ni kitu cha kukaribiwa, na kuifikia hiyo ya kwenu ni lazima mtu akatize mbele ya magari. Shilingi hizo hizo zingeipatia bustani yenu chemchemi ya kunywa chini ya mti.

Watoto wetu huoga kwenye chemchemi ya bustani siku za joto. Maji yanatiwa klorini. Kuna madhara? (Mama wa watoto watatu, Mombasa)

Yapo, mama, na klorini haiyamalizi. Maji yanayozungushwa hukusanya kila kinachotoka kwa kila aliyeingia, na kuna kimelea kiitwacho kriptosporidiamu ambacho klorini ya kiwango cha kawaida haikiui upesi. Mwaka 2005, katika jimbo la New York, maelfu ya watu waliugua tumbo la kuhara baada ya watoto kucheza kwenye uwanja wa maji ya kurushwa uliokuwa ukirudisha maji yale yale. Ikiwa mji unataka watoto wacheze na maji, na mimi nataka wacheze, basi ujenge mahali pa kuchezea penye maji yanayotibiwa na kupimwa kama ya bwawa la kuogelea. Chemchemi ya pambo haikuundwa kwa kazi hiyo.

Hukuniuliza habari ya umeme, lakini ndiyo inayoninyima usingizi. Taa zilizo ndani ya maji ziwe za volti 12, na mfumo mzima uwe na kifaa kinachokata umeme papo hapo unapovuja. Ukiona waya uliofungwa kwa plasta, taa iliyopasuka au mfuniko ulio wazi, watoe watoto kwanza, ndipo utafute wa kumlalamikia.

Maji yakisimama kwenye chemchemi iliyoharibika, mbu huzaliana? (Msomaji, Temeke)

Huzaliana, na katika joto letu yai huwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja au zaidi kidogo. Jiji lililopata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019 halipaswi kuuliza. Kausheni birika.

Bustani ya kwetu ina bomba la kisima. Maji yake ni baridi na matamu, na hakuna aliyewahi kuugua. Kuna haja ya kuyapima? (Msomaji, Bujumbura)

Ipo. Pampu ya Broad Street jijini London ilisifiwa kwa maji mazuri, hata mwanamke mmoja aliyekuwa amehamia mbali aliendelea kuletewa maji yake kwa kuwa aliipenda ladha yake. Mwaka 1854 maji hayo yalimuua kwa kipindupindu pamoja na mamia ya wengine, mpaka daktari John Snow aliposhawishi mpini wa pampu ung'olewe. Utamu wa maji hauonyeshi usalama wake. Pimeni, na mpime tena baada ya masika.

Kamati ya mtaa wetu imechanga fedha za kujenga chemchemi ya kunywa karibu na kijiwe cha bodaboda na msikiti. Tunaomba ushauri, na pia tupake rangi gani? (Katibu wa kamati, Tanga)

Barua hii imenifurahisha kuliko zote, maana mwambao wetu haukungoja kufundishwa jambo hili na Ulaya. Maji ya sabili, yaliyowekwa njiani kwa ajili ya yeyote mwenye kiu bila kuulizwa dini wala kabila, ni sadaka ya zamani, na birika la msikiti limewahudumia hata wasioswali. Unguja, Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alileta mjini maji ya bomba kutoka kwenye chemchemi za nje ya mji. Katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1872, Mwingereza Richard Wallace aliipa Paris chemchemi za kunywa baada ya mji huo kuzingirwa na Waprusia. Zilikuwa na vikombe vya bati vilivyofungwa kwa mnyororo, navyo viliondolewa mwaka 1952 kwa ajili ya usafi. Kwa hiyo kikombe cha pamoja msiweke. Wekeni mdomo wa kunywea kwa juu na koki ya kujazia chupa kwa chini, na kimoja kiwe cha kimo cha mtoto na cha mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu.

Kabla ya tofali la kwanza, pelekeni maombi ya kuunganishiwa maji yenye mita yake, na muandike nani atalipa ankara. Michango ya mwanzo huwa mingi na ya mwezi wa saba huwa hadithi. Ndiyo maana wazee waliiambatanisha sabili na wakfu wa duka au shamba, ili kodi ya kile ilipie kile. Mkiweza kutenga hata kibanda kimoja cha kukodisha, fanyeni hivyo. Fikirieni pia maji yanayomwagika yatakwenda wapi, kwa sababu chemchemi iliyozungukwa na matope itachukiwa na msikiti na kijiwe kwa pamoja. Mtaro mfupi unaopeleka maji kwenye mche wa mwembe unatosha. Sakafu iwe ya kukwaruza, isiwe marumaru.

Bodaboda watataka kuoshea pikipiki hapo. Msiwafukuze, kaeni nao mapema, muwape ufunguo mmoja wa tenki, na mtakuwa mmepata walinzi wasiolala.

Ama rangi, zile za Wallace zilipakwa kijani kilichokolea ili zipatane na miti ya barabarani na bustanini. Ninyi pakeni yoyote mnayoipenda, mradi iwe ile ambayo duka la Tanga litakuwa bado linaiuza mtakapohitaji kopo la pili.