Kazi nimepata, hela ya kuhamia sina

Hongera kwanza. Umesema unaripoti baada ya wiki 3 mji mwingine na mfukoni huna hata ya kodi ya kuanzia. Mi ningeanza na mwajiri kabla ya kumsumbua ndugu yeyote, kuna kampuni zina posho ya kuhamia ila hawakuambii mpaka uulize, na kama hawana omba advansi ya mshahara wakate kidogo kidogo. Uliza kabla hujasaini, ukishasaini nguvu imeisha. Soma pia kama ukiacha kazi mapema unatakiwa urudishe hiyo hela ya kuhamia, hicho kipengele huwa kinajificha.

Nyumba nzima achana nayo kwa sasa, tafuta chumba cha kushea na mtu hata miezi 2 ndo ujipange. Vitu vizito uza huko huko unakotoka, mi nilihama na kochi gari likanila hela kuliko bei ya kochi lenyewe, upumbavu tu.

Halafu mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa ukiingia payroli (orodha ya kulipa mishahara ya mwezi) imeshafungwa, kwa hiyo piga hesabu ya kula na nauli kama wiki 6 hivi. Mikopo ya kwenye simu kaa nayo mbali kabisa.