Kabla hujanunua kampuni, omba daftari la mlinzi

Nimefanya uhasibu Dar es Salaam miaka mingi, na mara nyingi naitwa na watu wanaotaka kununua kampuni. Swali lao la kwanza huwa ni faida. Naomba wewe uanzie kwingine.

Miaka kadhaa iliyopita ndugu wawili waliniomba niwapitie hesabu za kampuni ya vifaa vya ujenzi. Hesabu zilikuwa zimekaguliwa, saini ya mkaguzi ipo, faida imepanda. Bei waliyoafikiana kwa mdomo ilikuwa mara tano ya faida ya mwaka. Nikaomba ankara za wiki ya mwisho ya Desemba, nikaenda nazo godauni. Ankara moja ya mabati iliandikwa tarehe 29 Desemba, lakini karatasi aliyosaini mteja kupokea mzigo haikuwa na tarehe. Nikamwomba mlinzi daftari lake la getini, la mistari, jalada limeungwa kwa selotepu. Lori lile, namba zilezile, lilitoka tarehe 11 Januari.

Tulikaa pale mpaka jioni tukilinganisha ankara na daftari. Mauzo ya Januari yalikuwa yameandikwa kama ya Desemba, kwa hiyo faida ya kama shilingi milioni 60 haikuwa ya mwaka ule kabisa. Kwa bei ya mara tano, wale ndugu wangelipa milioni 300 kwa sababu ya mabati ambayo mwaka ulipofungwa yalikuwa bado yamelala godauni. Ndiyo maana nasisitiza: faida ikitumika kupanga bei, kila kosa dogo la hesabu linazidishwa.

La pili nililikuta kwenye maelezo ya hesabu, zile kurasa za nyuma ambazo wengi huziruka. Sentensi moja tu: aliyekuwa msambazaji wao ameishtaki kampuni akidai fidia. Kwenye mizania, ile orodha ya mali na madeni ya kampuni, hutaiona, maana haijawa deni. Lakini kiwango cha kimataifa cha uhasibu kiitwacho IAS 37 kinataka jambo kama hilo lielezwe, isipokuwa kama uwezekano wa kulipa ni mdogo mno. Ukinunua hisa unachukua kampuni na mizigo yake yote: kesi, mikopo, hata kodi ya miaka ambayo TRA, mamlaka ya mapato, hawajaikagua. Soma pia maelezo kuhusu wakurugenzi na jamaa zao, yanayodaiwa na kiwango kingine, IAS 24. Hapo ndipo utajua kama ile ofisi unayoipenda ni ya kampuni au ni nyumba ya shemeji yake mkurugenzi.

Wakubwa nao yamewakuta. HP, kampuni ya kompyuta ya Marekani, ilinunua Autonomy ya Uingereza mwaka 2011 kwa dola bilioni 11 hivi. Novemba 2012 ikapunguza thamani ya ununuzi huo kwenye vitabu vyake kwa dola bilioni 8.8, ikidai zaidi ya bilioni 5 zilitokana na hesabu zisizo sahihi. Moja ya hoja zake ilikuwa kwamba mauzo ya vifaa yalichanganywa kwenye mapato ya kampuni ambayo watu waliijua kwa programu za kompyuta. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya London iliipa HP ushindi kwa sehemu kubwa katika kesi ya madai. Mwaka 2024 mwanzilishi wa Autonomy, Mike Lynch, akaachiwa huru katika kesi ya jinai San Francisco. Zaidi ya miaka kumi mahakamani! Mfanyabiashara wa kwetu ataipata wapi nguvu hiyo? Kagua kabla hujasaini.

Na wewe unayeuza, sema mapema. Nimeona muuzaji akiweka mezani barua ya madai ya kodi siku ya kwanza kabisa, na wanunuzi wakatulia, wakaanza kujadili namna ya kuligawana tatizo. Jambo hilohilo likigunduliwa wiki ya mwisho, hata hesabu zako zilizo safi zinaanza kutiliwa shaka.

Wale ndugu hawakuikimbia kampuni. Bei ilihesabiwa upya kwa faida halisi, muuzaji akatamka ndani ya mkataba kwamba hakuna deni lingine, na sehemu ya fedha ikawekwa benki kwenye akaunti ambayo hakuna upande ungeigusa peke yake mpaka hukumu ya kesi ya yule msambazaji itoke. Ilichukua miezi kumi na minne. Kampuni ikashindwa kesi, na fidia ikalipwa kutoka akaunti hiyo.