Maswali yenu: kanda yenye ukungu, mtungi wa bibi na chupa za bia

Tangu niandike hapa kwamba nakusanya kanda za harusi za zamani za Mwanza, meseji zimekuja mafungu mawili: za video na za pombe. Nilitaka kuyajibu kila fungu na wiki yake, kisha nikakumbuka kanda moja ya Igoma niliyoitazama mwezi uliopita. Nyuma ya bibi harusi, kwa sekunde tatu hivi, wanaonekana akina mama watatu na mitungi yao, mmoja anakoroga. Halafu mpiga picha akageuza kamera kumfuata mgeni rasmi, ambaye leo hakuna anayemkumbuka jina. Basi nayajibu pamoja.

Shikamoo. Nimerithi kanda 14 za VHS zilizokaa chini ya kitanda, Kirumba, karibu na ziwa. Mbili zina vumbi jeupe ukichungulia kwenye kidirisha. Nimeazima deki. Nizijaribu?

Marahaba. Hizo mbili, hapana. Huo ni ukungu, na unyevu wa ziwani unaupenda sana utepe. Ukiziingiza, ukungu utahamia kwenye vichwa vya deki, na deki nayo itazipaka kanda nyingine 12 zilizo salama. Zitenge, zifunge kwenye mfuko wa karatasi, ziweke pakavu mpaka umpate fundi anayejua kufungua kasha na kusafisha utepe. Usizipulize kwa mdomo wala kuzifuta sebuleni. Hewa yenye ukungu haikifai kifua.

Hizo 12, anza kwa kuijaribu deki yenyewe kwa kanda usiyoijali, hata ya mahubiri ya duka la jirani. Deki ya kuazima inaweza kutafuna. Ikipita mtihani, ipeleke kila kanda mbele hadi mwisho na uirudishe nyuma kabla ya kuicheza, maana utepe uliolala miaka mingi hugandana. Na kabla ya yote, vunja kile kidude cha plastiki mgongoni mwa kasha ili mtu asiweze kurekodi juu yake.

Nasisitiza kidude kwa sababu zangu. Julai 1998 nilirekodi fainali ya Kombe la Dunia juu ya kanda ya kipaimara cha shangazi yangu mdogo. Mabao mawili ya Zidane kwa kichwa leo nayapata kwenye simu muda wowote nitakao. Sauti ya babu akimbariki shangazi, siipati popote.

Usicheleweshe. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuunda deki za VHS, iliacha mwaka 2016. Deki zilizobaki ndizo hizi tunazoazimana.

Bibi yangu wa Magu alipika pombe ya mtama miaka mingi, akatusomesha wote kwa hiyo. Nikimwekea simu arekodiwe anasema, "Hakuna cha kusimulia." Nifanyeje?

Anasema kweli. Alichonacho kiko mikononi, na wewe unakidai kitoke mdomoni. Acha kumuuliza historia. Nunua mtama, mpelekee, umwombe akufundishe.

Akianza, simu iangalie mikono kuliko uso. Nafaka inalowekwa, inafunikwa mpaka iote, inaanikwa, inasagwa: hapo ana kimea. Shuleni tulifundishwa kwamba punje inapoota hutoa vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, kisha chachu inaila sukari hiyo na kutoa kileo. Bibi hana haja ya maneno hayo. Anajua mche ukifika urefu gani punje zianikwe, na akichelewa siku moja pombe inakuwaje. Urefu huo upime kwa rula pembeni ya kidole chake, upige picha. Akisema "kata mbili", yaani kata ya kuchotea, jaza maji kwenye kata hiyohiyo baadaye, uyapime kwa lita. Kata ya Magu si kata ya Sengerema, na mjukuu wa mjukuu wako hatakuwa na yoyote.

Maneno ya Kisukuma yaache yalivyo. Akitaja jina la mtungi, la povu la juu, la machicha, usimkatize kutafuta Kiswahili chake. Mwache amalize, mwombe alirudie polepole, uandike usiku huohuo. Wengi hukosea hapa: wanatafsiri palepale, na kinachobaki kwenye rekodi ni Kiswahili cha mjukuu.

Muulize pia alipoharibikiwa. Hilo huwafungua wazee kuliko swali lolote. Siku pombe ilipochachuka kupita kiasi, nani alilaumiwa? Mtungi alimwazima nani, na akaulipa nini? Kilabu kilifungwa saa ngapi? Ada ya muhula mmoja ilikuwa mitungi mingapi? Kwenye majalada ya serikali biashara ya mwanamke kama huyu huonekana kama leseni, ushuru au faini. Hesabu ya mitungi kwa ada hakuna karani aliyeiandika.

Mambo madogo: simu ilale kwa ubavu, zima feni, fukuza jogoo. Mwanzoni taja tarehe, kijiji na jina lake kwa sauti.

Mama yangu, Muleba, alikuwa na rubisi, lakini pia gongo. Tukihifadhi simulizi zake hatutamtia matatani?

Vitu viwili hivyo vitenganishe. Rubisi ni ndizi mbivu zilizokanyagwa na nyasi kwenye chombo cha mti kama mtumbwi, maji yake yakatiwa mtama uliokaangwa na kuachwa yachache. Hiyo irekodi yote, mpaka miguu ya wakanyagaji. Gongo ni ya kukeneka, yaani kuchemsha pombe na kukusanya mvuke wake, na kuikeneka bila kibali ni kosa kisheria. Simulizi ya maisha yake nayo ni historia, lakini irekodi kwa sauti tu, bila majina ya wateja, na mkubaliane kwa maandishi kwamba haisikilizwi na mtu wa nje mpaka muda atakaoutaja yeye mwenyewe. Vipimo vya kukeneka mimi siviweki popote. Gongo imepofusha watu.

Shangazi alitutumia kanda kutoka Marekani. Inacheza bila rangi na picha inaruka.

Kanda ni nzima. Marekani walitumia mfumo wa NTSC, sisi PAL. Tafuta deki inayosoma mifumo yote.

Babu aliacha kreti la chupa za bia za zamani na mabango. Ni takataka au mali?

Sijui bei, na wanaokuja na bei haraka uwaogope kidogo. Kama kumbukumbu, ni mali. Lebo ni kalenda: jina la kampuni, mji na ujazo huonyesha zama zake. Kenya Breweries ilianza Nairobi mwaka 1922; mmoja wa waanzilishi, George Hurst, aliuawa na tembo mwaka uliofuata, ndipo jina la Tusker likazaliwa. Dar es Salaam walipata Tanganyika Breweries mwaka 1933. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilishika hisa nyingi, na mwaka 1993 wakaja wabia wa Afrika Kusini. Usiloweke chupa kung'oa lebo. Ipige picha mbele, nyuma na kitako, andika ilikotoka, kisha uiweke mbali na jua.

Kuna mahali Mwanza naweza kupeleka nakala?

Anzia Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoasisiwa na Padri David Clement kutoka Kanada. Ngoma, vyombo na viti vya watemi viko pale, na mtungi wa bibi hautakuwa mgeni. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, Malimbe, kinafundisha uandishi wa habari, kwa hiyo kuna wanaojua kamera. Popote uendapo, peleka nakala, asili ibaki kwenu, na muandikiane nani anaruhusiwa kuonyesha nini. Nakala ziwe tatu, moja ilale nyumba nyingine kabisa. Saa moja ya VHS kwa ubora wa DVD ni kama GB 2, flashi ya kawaida inabeba kadhaa. Kuitupa kama video kwenye kundi la WhatsApp si kuhifadhi. Inaminywa mpaka nyuso zinakuwa uji.

Baba alirekodi safari yetu ya mwaka 1995, bandarini Mwanza. Meli ni MV Bukoba. Abiria wanapanda, hatuwajui. Niikate sehemu hiyo niweke mtandaoni?

Usikate, na usiweke bado. Meli ilizama tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu. Televisheni ya Bara ilikuwa na miaka miwili tu, kwa hiyo picha zinazotembea za meli ile ikiwa kazini, watu wakicheka na mizigo yao, si nyingi. Na kuna mtu Bukoba au Kemondo anayeweza kumwona mama yake humo bila kuandaliwa.

Kaa na baba kwanza, kalamu mkononi, na kitufe cha kusimamisha karibu. Kila anayemjua, jina, na dakika anapoonekana. Asiyemjua, andika unachokiona: mwanamke mwenye kanga ya bluu, dakika ya 12, kapu la senene, amemshika mtoto mkono wa kushoto.